Mguu wa Mbele wa Kushoto

Yule mbwa niliondoka naye stoo siku niliyopunguzwa kazi. Wenzangu walibeba walichoweza: mmoja alichukua viti viwili, mwingine mzani mbovu ambao mpaka leo haujampimia mtu kitu. Mimi nilitoka getini na bahasha ya mafao mfukoni na mbwa nyuma yangu. Sikumwita. Shirika lilikuwa limeuzwa, mnunuzi alikuja na walinzi wake wenye sare, na mbwa wa zamani hakuwamo katika mali alizokabidhiwa. Alinitazama nikipita, akanyanyuka, akanifuata mpaka nyumbani Bombambili, mwendo wa kutosha kabisa mtu kubadili mawazo. Yeye hakubadili.

Jina hakuwa nalo. Walinzi wa stoo walibadilika kila mara na kila mmoja alimpa jina lake, mwisho akawa haitikii jina lolote, anaitikia mluzi tu. Alikuwa na rangi ya udongo wa Songea, ncha ya sikio moja ilikatika katika ugomvi ambao sikuushuhudia, na alikuwa na tabia ya kukaa amekupa mgongo, kama mlinzi aliye lindoni. Mimi sikuwa mtu wa mbwa. Nilikolelewa mbwa alilala nje, alikula makoko ya ugali, na akifa hatajwi tena. Lakini miezi ile ya kwanza nilikuwa sina pa kwenda asubuhi. Nilijificha uani ili majirani niliokuwa nikiwapita na suruali ya pasi wasinione nimekaa. Yule mbwa alikuja akajilaza juu ya miguu yangu, akanipa mgongo, akalinda. Nilimpenda. Wakati ule ningekana, kwa sababu mwanamume aliyekuwa akiitwa Bwana Stoo hawezi kusema mbele za watu kwamba anampenda mbwa.

Zilikuwa enzi za ruksa. Kila kilichokuwa kikitafutwa kwa foleni sasa kilimwagwa chini sokoni, na walioshindwa kupata kazi waliuza walichopata. Nikaanza kuuza viatu vya mitumba. Nilitandika turubai, nikapanga viatu, na mbwa akakaa upande wa viatu vya wanaume amewapa wateja mgongo. Biashara ilipoanza kusimama, mke wangu, ambaye ni mwalimu, akapata nafasi ya masomo ya mwaka mzima chuoni mkoa mwingine. Hatukuwa na wa kumwachia binti yetu wa darasa la kwanza. Basi mama mkwe akaja kutoka Lusewa kushika nyumba.

Mama mkwe kwetu si mtu wa kukaa naye. Unamsalimia umechutama, macho chini, kwa mbali. Hamli pamoja. Hampeani kitu mkono kwa mkono. Anaweka chini, anaondoka, ndipo unaokota. Habari za nyumba hupitia kwa mke au kwa mtoto. Na maneno ya mwili, yale ya chini ya kiuno, hayatamkwi mbele yake hata kwa kuzunguka. Nawajua watu wanaolewa mpaka wanasahau njia ya nyumbani kwao, lakini hilo hawalisahau. Mke wangu alipoondoka, posta yetu ikawa binti yetu. "Mwambie bibi chumvi imekwisha." "Bibi anasema chumvi ipo." Tuliishi vizuri hivyo. Mama alikuwa mtu mwembamba, mkimya, mwenye mikono isiyotulia, na nyumba haijawahi kuwa safi vile tangu nioe.

Ugonjwa niliuona sokoni. Mbwa alinyanyuka mahali alipokuwa amekaa, na pale pakabaki matone ya damu, karibu kabisa na jozi ya viatu vyeupe. Nilifikiri amekanyaga chupa. Nikamgeuza nyuma ya kibanda, nikatazama nyayo zote, hakuna kitu. Kisha nikaona damu inakotoka. Pale anapojitambulisha kuwa dume palikuwa na nyama nyekundu iliyochipuka, yenye vinundu vinundu, na ilikuwa inatoa damu kwa kuguswa tu. Kitu cha kwanza nilichofanya, kabla hata ya kumhurumia, ni kutazama kama kuna mtu ameniona.

Bwana mifugo tuliyemtegemea alikuwa zamani mtumishi wa serikali kama mimi, naye wakamstaafisha mapema, akafungua duka la dawa za mifugo karibu na stendi. Alikuja nyumbani kwa baiskeli, akamlaza mbwa uani, akavaa glavu, akatazama, akasonya.

"Saratani," alisema. "Ipo sana kwa mbwa wanaozurura. Wanaambukizana wakipandana."

"Atakufa?"

"Akiachwa hivi, ndiyo. Lakini hii inatibika. Anachomwa sindano kwenye mshipa, mara moja kwa wiki, mpaka nyama inyauke. Ni dawa ileile ya saratani wanayochomwa watu."

Maneno hayo ya mwisho aliyasema kwa sauti ya chini na mimi nikajikuta naangalia ukuta wa jirani. Mjini kulikuwa na watu waliokuwa wakifa majumbani bila hata kidonge. Nilijua watakavyosema wakisikia. Hata hivyo nilisema aiagize. Dawa ilikuja na basi kutoka Dar es Salaam, ndani ya chupa ya chai iliyojazwa barafu, na kondakta aliponikabidhi stendi alishusha sauti, akaniuliza mgonjwa anaendeleaje. Nikamwambia Mungu anasaidia. Akanipa pole na akakataa hela ya soda.

Siku ya sindano ya kwanza bwana mifugo alimnyoa mbwa manyoya ya mguu wa mbele wa kushoto ili auone mshipa. Mimi nilikishika kichwa. Mbwa alinikazia macho muda wote, akitetemeka, lakini hakuuvuta mguu. Sindano ilipokwisha, bwana mifugo alinipa masharti. Mkojo wake usiguswe kwa mikono mitupu. Aoshwe pale penye ugonjwa kwa maji ya chumvi kila siku. "Na la muhimu kuliko yote," alisema, "asipate kidonda. Dawa hii inapiga saratani lakini inapiga pia askari wa damu. Mwiba tu unaweza kumwondoa. Waambie watu wa nyumbani."

Mtu wa kuambiwa nyumbani alikuwa mmoja, na alikuwa jikoni.

Binti yangu akatokea, kasimama na mguu mmoja juu ya mwingine. "Baba, bibi anauliza mbwa anaumwa nini."

Bwana mifugo alinitazama. Nilimtazama. Mlango wa jiko ulikuwa wazi na tulijua kwamba jibu lolote litasikika kabla halijabebwa. Ningeweza kusema saratani. Lakini swali linalofuata ni saratani ya wapi, na jibu la hilo silo la kumtuma mtoto, wala si la kufika masikioni mwa mama aliyemzaa mke wangu.

"Mwambie bibi anaumwa mguu."

"Mguu upi?"

"Wa mbele. Wa kushoto."

Bwana mifugo naye ana mkwe, Mbinga huko.  Alifungua begi lake, akatoa bendeji, akaufunga vizuri ule mguu usio na ugonjwa, akafunga na fundo. Tukawa wawili katika ule uongo, na nilimshukuru kwa moyo wangu wote.

"Na mwambie mbwa asiguswe," nilimwongezea mtoto. Nilimsikia jikoni akifikisha ujumbe: "Baba anasema mimi nisicheze na mbwa."

Nikauacha hivyohivyo.

Wiki zile nilikuwa naamka kabla hapajakucha ili nimwoshe mbwa katika bafu letu la mabanzi, nikiwa nimevaa mifuko ya nailoni mikononi na kuifunga kwa mpira kwenye viwiko. Nilikuwa nanong'ona naye kama mwizi. Jirani yangu mmoja alinichungulia kupitia nyufa za mabanzi, na siku hiyohiyo sokoni kote wakajua. "Bwana Stoo siku hizi mkunga," walisema. "Mgonjwa wako aliupatia wapi huo ugonjwa wa mjini?" Nilicheka pamoja nao. Hilo ndilo linalonichoma nikikumbuka, kwamba mbwa alikuwa amekaa palepale amenipa mgongo ananilinda, na mimi nikachangia utani wangu mwenyewe juu yake ili nionekane sina habari naye. Watu walicheka sana kwa huo wangu.

Dawa ilimnyong'onyeza. Alitapika, akakataa ugali, akalala tu. Asubuhi moja nikakuta bakuli karibu na kichwa chake, uji mwepesi uliochanganywa na usipa, wale dagaa wa Ziwa Nyasa, waliotwangwa mpaka wakawa unga. Alikuwa ameulamba wote. Kesho yake bakuli lilikuwapo tena. Sikuambiwa kitu na sikuuliza, ila nilijua mama anaamka mapema kuliko mimi, na kwamba kwa hiyo amenisikia bafuni siku zote. Alimwita mbwa "mwenzangu". Nilimsikia akimwambia, "Kula mwenzangu, mguu utapona."

Na kweli alianza kupona. Baada ya sindano ya tatu ile nyama ilikuwa imenywea, imekuwa kama kitufe cha shati, na damu imekatika kabisa. Bwana mifugo alisema bado mbili, labda moja. Nilipiga mluzi jioni ile na mbwa akaja mbio kutoka upande wa barabara, mara ya kwanza kwa muda mrefu, bendeji yake ya bure ikipepea. Nilifurahi mpaka nikamnunulia mapupu ya ng'ombe buchani, nikamwambia muuza nyama ni ya mboga.

Siku iliyofuata ilinibidi nisafiri kwenda Makambako kufuata marobota ya viatu. Mvua ilikuwa imeharibu barabara, lori tulilopanda likakwama, nikachelewa kurudi. Nilipoingia uani, jambo la kwanza nililoliona ni kwamba bendeji haipo. Mguu ulikuwa umefungwa kwa kitambaa cha khanga, mpya, yenye rangi kali, iliyochanwa kwa uangalifu.

Mama alitokea mlango wa jikoni. Nilichutama.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba. Pole na safari." Alikuwa ametazama pembeni kama inavyopasa, lakini safari hii hakumtuma mtoto. Alisema mwenyewe. "Mbwa wako mguu ulizidi. Alianza kuchechemea, pamevimba pale mlipokuwa mnamchoma. Nikasema, yule daktari wenu anazunguka tu na sindano, na baba hayupo. Nimemchanja chale, nimempaka dawa. Dawa hiyo naijua, hata mimi iliniponya mguu wangu. Wembe mpya, nilimtuma mtoto dukani. Hakulia hata kidogo. Ananiamini."

"Asante, mama," nilisema.

Nilingoja aingie ndani, ndipo nikaifungua ile khanga. Chale zilikuwa mbilimbili, zimepangwa vizuri kuzunguka mguu mzima, na katika kila moja imesuguliwa unga mweusi. Ilikuwa kazi ya mtu mwenye huruma. Ningekuwa mimi ninayeumwa mguu, nisingetaka kuchanjwa na mwingine.

Nilikwenda kwa bwana mifugo mbio. Alisikiliza, akaweka chini chupa aliyokuwa ameishika.

"Hukumwambia?"

"Nilisema asiguswe."

"Ulimwambia kwa nini?"

Nikaitazama ile chupa. Hakunisema zaidi, maana bendeji alikuwa ameifunga yeye. Alikuja na sindano nyingine, za kuua wadudu, akazichoma asubuhi na jioni, akasafisha chale zote moja moja. Lakini mguu ulianza kujaa. Ukawa wa moto, ukang'aa, kisha ukaanza kutoa usaha mahali pa kila chale. Joto likampanda. Ile saratani tuliyoipigania ilikuwa imebaki alama tu, huwezi hata kuiona bila kutafuta, na mbwa alikuwa anakufa kwa mguu ambao haukuwa na kitu.

Jioni moja nilikuwa nimekaa naye kibarazani, kichwa chake juu ya kiatu changu. Mama alitoka na bakuli la uji. Nilitegemea aliweke chini aondoke. Badala yake alikaa upande wa pili wa mbwa, akatumbukiza kidole katika uji, akampaka ulimini. Hatukuwahi kukaa karibu namna ile, mimi na yeye, na hatukukaa tena. Nilitazama sakafu. Mbwa alilamba mara moja, akaacha.

"Mguu huu mkaidi," alisema mama. "Umeingia ndani sana."

Hapo ndipo nilipaswa kusema. Nilikuwa na nafasi yote. Nilitafuta neno. Nilijaribu moyoni lile la hospitalini, lile la kanisani, lile la vitabu vya shule, lile wanalotumia mafundi wa kuhasi ng'ombe, na kila moja lilipofika kooni liligeuka tusi. Halafu nikaona kwamba neno lenyewe sasa ni dogo. Nikimwambia ugonjwa ulikuwa wapi, nimemwambia pia kwamba mguu ulikuwa mzima, na kwamba ni wembe wake. Nilijiambia ninanyamaza kwa ajili yake. Lakini nilikuwa nimenyamaza tangu kabla hajanunua wembe, na wakati ule nilinyamaza kwa ajili yangu.

"Ndiyo, mama," nilisema. "Umeingia ndani."

Mbwa alikufa asubuhi, mvua ikinyesha kidogo. Nilichimba nyuma ya nyumba, karibu na migomba, shimo la kina cha kutosha ili mbwa wengine wasimfukue. Mama alikuja na khanga. Ilikuwa ile iliyobaki. Doti hiyo aliletewa na binti yake, mke wangu, kutoka mshahara wake, na nusu yake alikuwa ameichana kwa ajili ya mguu. Aliiweka chini mbele yangu, akarudi nyuma, nikaiokota, nikamfunika. Hata wakati ule, na machozi yananitoka, nilitazama upande wa jirani kuona kama kuna anayeona mbwa akizikwa kwa khanga mpya.

Nilipomaliza kufukia, mama akachutama. Yeye, mbele yangu.

"Nilichelewa, baba," alisema. "Siku ileile ya kwanza mlipomfunga bendeji, mimi nilikuwa na dawa kwenye kibegi changu. Nikaogopa kuingilia mambo ya watu. Ningemchanja siku ile, angepona. Unisamehe."

"Hapana, mama," nilisema. "Hukuchelewa."

Hicho ndicho nilichoweza. Alitikisa kichwa, kwa sababu aliona ninamfariji tu, akaenda kuosha lile bakuli.

Mke wangu aliporudi nilimweleza yote. Alianza kucheka pale kwenye bendeji, akanyamaza pale kwenye wembe.  Kisha akasema, "Mama asilijue hili mpaka anakufa," nami nikaona nimepewa kibali, na kibali hicho hakikunipunguzia kitu.

Majuzi tulikwenda Lusewa kumwona. Amezeeka, macho yameshika ukungu, anatutambua kwa sauti. Binti yetu, ambaye sasa ni mama wa watu, alimwambia tumepata mbwa mwingine, mdogo, ameletwa na wajukuu. Mama akageuza uso wake kando kidogo na upande niliokuwa nimechutama, bila kunitazama, kama ilivyo desturi.

"Huyo mumwangalie miguu," alisema. "Akianza tu kuchechemea, msingoje kama yule mwenzangu. Niiteni mapema."

"Tutakuita, mama," nilisema.